Vyombo Alivyoosha Mama

Nshamba, 4 Februari 2024

Dada Annastella,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa mezani baada ya misa, na Evelyne amesimama nyuma yangu akinikumbusha nianze na salamu za mke wangu kabla ya zangu, basi hizo hapo. Watoto wapo. Datius ameanza kidato cha kwanza na sweta la shule limemmeza, mikono inamfika vidoleni. Migomba ya upande wa juu imepigwa na mnyauko tena. Nimekata mashina na kuyafukia, na sasa ukisimama uani unaona hadi jikoni kwa jirani, jambo ambalo Tata, Mungu amrehemu baba yetu, asingelivumilia.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua mwenyewe, mimi na wewe tunagombana kabla salio halijaisha. Zahoro anashuka na pikapu Jumanne kupeleka ndizi mjini, na magunia yako ya udongo atayapakia kama kawaida. Barua hii ataileta pamoja nayo.

Sasa jambo lenyewe. Mama amezeeka, Dada. Anasahau. Sufuria anaibandika jikoni bila maji, na jina la mjukuu analitafuta hadi anakata tamaa. Huku shamba hakuna anayeshinda nyumbani, kila mtu ana jembe lake. Nimefikiri, na Evelyne amekubali, kwamba akae kwako kwa muda. Wewe uko nyumbani. Atakuwa anakutazama unavyofinyanga vyungu vyako, atabadilisha hewa, na hospitali iko karibu.

Naomba unijibu kwa Zahoro huyohuyo.

Ndugu yako,
Avit


Bakoba, Bukoba Mjini, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Avit,

Milele amina. Salamu za Evelyne nimezipokea, mwambie nami namsalimu na ile khanga aliyoniletea Krismasi bado naivaa. Ndugu yetu Alexander amepiga simu kutoka Mwanza, anasema kazi ipo ila usingizi haupo. Mimi mgongo ni uleule. Udongo umefika salama, ila gunia moja lilikuwa na mizizi mingi, mwambie anayechimba aende chini zaidi.

Umeandika "wewe uko nyumbani". Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Avit, unajua mtaa huu umenitundikia funguo ngapi? Mwalimu wa nyumba ya mbele ameniachia wa kwake, fundi wa maji akija nimfungulie. Mastura, jirani yangu wa ukuta mmoja, huniachia mtoto "kidogo tu" akienda dukani kwake Miembeni, na kidogo hicho huisha adhuhuri. Jumuiya ikipata msiba, nani atasimamia chakula? Annastella, si yupo nyumbani. Ningekuwa na ofisi yenye mlango, hata kama ndani yake nasinzia tu, watu wangeogopa kunisumbua. Lakini nakaa uani na tope hadi kwenye viwiko, basi kila apitaye anaona mwanamke asiye na kazi.

Udongo haungoji mtu. Chungu nilichokiinua asubuhi kikianza kukaza lazima nikikwangue na kukisugua kwa kokoto siku hiyohiyo. Nikiitwa getini, nikirudi kimeshakuwa kigumu, ni cha kuvunja na kuloweka upya. Na vikishakamilika vinakaa kivulini majuma mawili, matatu, kabla sijavichoma. Nyumba yangu ina vyumba viwili na kimoja na nusu ni vya vyungu. Viko chini ya meza, viko chini ya kitanda ninacholalia. Mama atakaa wapi?

Sikatai. Ni mama yangu. Nasema unipe hadi baada ya Pasaka, kwa sababu Mzee Uledi, mwenye mgahawa pale Miembeni, ameniagiza vyungu vya kupikia samaki na mabakuli yake, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Akiridhika, atanipeleka kwa wenzake wenye hoteli.

Halafu kuna kitu kimoja. Evelyne na Mama wanaelewana kuliko mimi na Mama, kuliko hata wewe na Mama. Kwa nini yeye hawezi tena? Umejaza ukurasa mzima na hukuniambia kilichotokea.

Dada yako,
Annastella


Nshamba, 2 Machi 2024

Dada,

Salamu. Sote wazima. Mvua zimeanza.

Mama huyo hapo, amekaa mbele na Zahoro. Nguo zake zimo kwenye begi la bluu, dawa za presha ziko mfuko wa pembeni, na kikapu kidogo ni kahawa yake ya kutafuna, asipoiona hulia. Najua uliniambia baada ya Pasaka. Haikuwezekana kungoja.

Nisamehe. Nitaeleza siku nyingine.

Avit


Bakoba, 14 Aprili 2024

Avit,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa kusalimu. Poleni na mafuriko, Zahoro ameniambia daraja la huko chini lilifunikwa. Mwaka huu sikula Pasaka, nilikunywa chai. Alexander anawasalimu.

Mama hajambo. Amenenepa kidogo. Asubuhi anaamka kabla yangu, anafagia uwanja wote hadi mbele ya mlango wa Mastura, na Mastura amefurahi sana kupata mama mkwe asiyemgharimu kitu. Mimi ananijua siku nyingi, siku nyingine ananiita shangazi. Hiyo si taabu. Kuitwa shangazi nimezoea.

Sasa nikueleze taabu. Unakumbuka kwamba Mama hakuwahi kushika udongo. Ufinyanzi nilijifunza kwa marehemu shangazi, na Mama alikuwa akinisubiri mlangoni na ndoo ili nisiingie na tope kwenye nyumba yake. Hilo hakulisahau. Kila kitu kimemtoka isipokuwa usafi.

Alhamisi baada ya Pasaka nilikuwa nimebakiza kuchoma tu. Kazi yote ya Mzee Uledi ilikuwa sebuleni, imekauka vizuri, ukiigonga kwa kucha inaitika. Nikatoka kwenda kutafuta nyasi za kuchomea, nikamwacha Mama na Mastura. Mastura akaitwa dukani. Niliporudi na mzigo kichwani, nilimkuta Mama amekaa uani na lile beseni kubwa, povu la sabuni limemfika kwenye viwiko, na uso wake unang'aa. Akaniambia, "Pole na kazi, mwanangu. Nimekuoshea vyombo vyote. Kaa upumzike."

Avit, chungu ambacho hakijapita motoni ni udongo tu uliosimama. Ukikitia majini kinarudi tope. Alikuwa ameviosha kimoja kimoja, kwa uangalifu, kila kimoja hadi kikaisha mkononi mwake. Beseni lilikuwa limejaa uji wa kahawia wenye povu. Akanyanyua kipande cha mdomo wa bakuli akanionyesha, akasema kwa sauti ya kunihurumia, "Vilikuwa laini sana hivi. Nani alikuuzia vyombo vibaya hivi?"

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Aliniona nimechoka akanisaidia. Nilitua nyasi, nikakaa chini kando yake, nikaomba kahawa moja ya kikapu chake, tukatafuna. Nililia baadaye, chooni, bomba likiwa wazi.

Nimemwambia Mzee Uledi kwamba nilikuwa mgonjwa. Amenipa muda. Naomba uje umchukue Mama mwisho wa mwezi, nimalize kazi hii tu, kisha tupange kama ndugu. Na bado hujanieleza.

Annastella


Nshamba, 9 Juni 2024

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata, na kuchelewa kwangu usikuchukulie vibaya. Mvua ziliharibu paa la chumba cha Mama, mabati mawili yamekwenda na upepo. Kisha kahawa imeanza kuiva na vibarua hawapatikani. Kisha nimekuwa na vikao vya parokia, unajua mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Mwisho wa mwezi ule haukuwezekana, na huu pia naona ni mgumu.

Pole sana na vyombo. Nilimsomea Evelyne akacheka, kisha akalia.

Huko kwako Mama analala vizuri? Hapigi kelele? Kuna mtu yeyote anayemtaja?

Nimeongeza gunia moja la udongo, safari hii wamechimba chini kama ulivyosema.

Avit


Bakoba, 30 Juni 2024

Avit,

Salamu zipo, ila leo ni fupi, nimechoka hadi kwenye kope.

Asante kwa udongo. Nautazama tu. Tangu Aprili sijawasha moto hata mara moja. Nikifungia vyungu chumbani, Mama hukaa mlangoni analia kwamba kuna vyombo vichafu vimelundikwa humo na wageni wakija tutaaibika. Juzi nilimwacha ajishughulishe na ufagio, nikakazana na chungu kimoja, kimoja tu. Nilipoinua kichwa, nyasi zangu zote za kuchomea hazipo. Alikuwa amezitandaza sebuleni, zimelala upande mmoja kama za Krismasi nyumbani kwetu, na katikati ameweka kiti cha mgeni. Pamependeza, siwezi kusema uongo. Nimekaa juu ya nyasi zangu nikanywa chai.

Nilimpa donge la udongo acheze nalo, watu walinishauri hivyo. Alilitazama, akaniuliza nani ameingiza uchafu huu, akalitupa nje ya uzio.

Nalala saa chache na naamka nimechoka. Watu wanapita, wananikuta nimekaa na Mama, wananiambia una bahati, kazi yako unaifanyia nyumbani, unaweza kumwangalia mzazi. Nawaitikia ndiyo. Kazi gani? Sina kazi tena, Avit. Mzee Uledi ametuma kijana mara mbili kuulizia vyungu vyake, na safari ya tatu atakuja mwenyewe kuvunja oda.

Umeuliza kama kuna mtu anayemtaja. Anakutaja wewe. Kila jioni anakaa kizingitini na begi la bluu magotini, ananiuliza, "Avit anakuja lini kunichukua?" Nimwambie nini? Kwamba mwanao ana vikao?

Halafu Zahoro. Juzi akishusha magunia ameniuliza huku anacheka, "Yule mwizi wa ndizi bado hajaja kumwona mama yake?" Nikauliza mwizi gani, akaona amekosea, akaanza kuhesabu magunia. Mabati ya chumba cha Mama nayo nimemuuliza. Anasema paa liko pale pale, halijaguswa na upepo wowote.

Umenidanganya kwa bati. Niambie ukweli, au Jumamosi ijayo nampakia Mama kwenye pikapu kama ulivyompakia wewe.

Annastella


Nshamba, 21 Julai 2024

Dada,

Nakushukuru kwamba Jumamosi ile ilipita na hukumpakia. Kila niliposikia gari barabarani nilitoka nje.

Nitaeleza. Nimekaa na kalamu hii jioni kadhaa na Evelyne ameniambia nisipoandika yeye ataandika.

Tangu mwaka jana, Mama hanijui. Wengine wote anawajua kwa namna yake, anapoteza majina lakini anajua ni watu wa nyumbani. Mimi hanijui. Nikiingia ndani ananyamaza. Nikikaa kwenye kiti cha Tata anasimama. Mwanzoni alikuwa akimnong'oneza Evelyne, "Huyu mwanamume ataondoka lini?" Evelyne akimwambia huyu ni Avit, Mama anacheka kwa hasira, anasema Avit wangu ni mtoto, msinifanye mjinga. Nikahamia stoo ya kahawa. Nililala humo miezi, Dada, juu ya magunia, ili mama yangu apate usingizi.

Januari, mchana, nilitoka shambani na mkungu wa ndizi begani, wa chakula cha siku ile. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliponiona napita uani alisimama akapiga yowe. Unajua yowe la kwetu, halimbakizi mtu jikoni. "Mwizi! Mwizi wa ndizi!" Walikuja na fimbo, wengine na mapanga, wanajumuiya wangu wale wale ninaowaongozea rozari. Jirani yetu Ta Karugendo ndiye aliyefika wa kwanza, na fimbo ilikuwa imeshainuliwa. Walipoona ni mimi wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nilibaki nimesimama na mkungu wangu. Na Mama akanisogelea, mbele yao wote, akanitazama usoni na kuniuliza, "Avit wangu umempeleka wapi?"

Ndiyo maana nilikuletea Mama bila kungoja. Nilijua safari nyingine atakayekuja na panga anaweza kuwa mgeni wa kijiji asiyenifahamu. Lakini si hilo tu. Sikuweza tena kutazamwa vile.

Evelyne anasema nimefanana mno na Tata siku hizi, tangu mvi ziingie. Na Tata alivyokuwa akimfanyia Mama, wewe ni mkubwa, ulishuhudia mengi kuliko mimi.

Kwa hiyo unaponiandikia kwamba kila jioni anamngoja Avit, unafikiri nafurahi? Huyo anayemngoja ni yule wa kaptula. Nikija mimi kumchukua atapiga yowe, na Bakoba nzima itatoka. Ningekwambia nini? Kwamba mama yetu ananililia mimi na kunikimbia mimi?

Usimwambie Alexander.

Avit


Bakoba, 11 Agosti 2024

Avit, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako uani, nikaiweka chini ya jiwe la kusugulia, nikaisoma tena. Ulikosea kunificha, nami niliyaandika mengi bila kujua. Tuyaache. Umelala juu ya magunia miezi yote ile na hukusema. Nimekuonea huruma sana.

Mama ni mzima. Kifua kilimbana kidogo wiki iliyopita, sasa kimeachia. Mtoto wa Mastura ameota meno mawili. Sasa nisikilize kwa makini, maana nina ombi, na ni ombi zito.

Mzee Uledi alikuja, kama nilivyojua. Alikuja asubuhi akiwa amevaa kanzu na uso wa kuvunja oda. Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa ameshatoka ndani. Akapiga magoti, na magoti yale yalivyo, akamsalimu salamu ndefu ya nyumbani, nusu Kihaya nusu Kiswahili. Akamkalisha. Akaleta kikapu chake, akampa kahawa kwa mikono miwili. Akamuuliza ukoo wake. Mzee akamwambia babu yao alikuja Bukoba kutoka Tanga akifuata biashara ya ngozi. Mama akamhurumia babu kwa safari ndefu. Baada ya muda akamuuliza ukoo wake tena, na yule mzee, Mungu ambariki, akaanza upya kutoka Tanga kana kwamba hajaulizwa.

Nilikaa nikingoja kutukanwa. Hakuna. Basi nikachukua udongo. Avit, nilifinyanga asubuhi nzima. Mama hakuinuka hata mara moja. Hakuutazama uwanja, hakuulizia vyombo. Angeinukaje? Amelelewa na bibi yetu. Mgeni ameketi, mwenye nyumba atamwachaje peke yake akaoshe vyombo? Mzee aliondoka kwa sababu ya swala ya adhuhuri tu. Getini aliniambia, "Mama yako ni mtu wa heshima zake. Vyungu vitakuja vitakapokuja."

Kesho yake hapakuwa na mgeni, na vile vyungu vya jana akaviosha.

Nimejaribu tena, na Mastura, na mwalimu wa mbele. Mastura hafai, Mama ameshamzoea, hamhesabu kuwa mgeni. Mwalimu alikaa saa nzima na vyungu vikapona. Lakini watu wana kazi zao, siwezi kuomba wageni mtaani kama anayeomba chumvi.

Kwa hiyo naomba uje. Sisemi uje kumchukua, wala usije kama mwanae. Njoo kama mgeni.

Piga hodi. Useme umetoka Nshamba, umekuja kutazama mitungi. Mwite Ma Kokuberwa, kama wanavyomwita watu wa nje. Usikae kiti kikubwa, chukua stuli. Vaa ile kofia yako ya kanisani ifiche mvi. Na tafadhali usije umebeba mkungu wa ndizi.

Najua ninachokuomba. Ninakuomba ukae mbele ya mama yako kama mtu baki. Kama huwezi, usinijibu, nitaelewa, na sitakuuliza tena. Lakini Zahoro anashuka kila Alhamisi siku hizi, na siku moja kwa wiki ya kufanya kazi ingetosha kunifanya niwe mtu tena.

Dada yako anayekupenda,
Annastella


Nshamba, 15 Septemba 2024

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Alhamisi ile ya tarehe 5 tulifika salama jioni ileile. Evelyne amepokea dagaa wako, anashukuru. Hatukuweza kuzungumza mimi na wewe, maana tulikuwa mchezoni, nami nilipofika nyumbani sikuweza kuzungumza na mtu. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa uani umetugeuzia mgongo, hukuona yote. Nilipopiga hodi nilikuwa nimeshaamua kukimbia akifungua kinywa. Akafungua mlango, akanitazama. Nikasema naitwa Mutalemwa, natoka Nshamba. Na akapiga magoti. Dada, mama yangu alinipigia magoti mimi. Mikono yangu ilitaka kumwinua na nikaizuia, nikaitikia salamu kama mtu mzima wa watu.

Akanipa kahawa kwa mikono miwili. Aliposikia Nshamba uso ukamfunguka. Akaniuliza, "Waitu, mgeni wangu, huko Nshamba unamfahamu mwanangu Avit?"

Nikamwambia namfahamu.

"Ana afya?"

"Ana afya, Ma."

"Anakula? Huwa hali, mpaka asimamiwe."

Nikamwambia siku hizi anakula. Akasogeza stuli yake karibu na yangu. Akanisimulia kwamba nilikuwa naogopa bata, kwamba nilikuwa nikilala nimeshika ncha ya khanga yake, kwamba nilipojua kuandika niliandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni na Tata akanipiga, naye akakataza ukuta ule usipakwe chokaa. Hayo mengine sikuyakumbuka. Ya bata nayakumbuka. Kisha akainamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia siri mgeni kwa sababu ataondoka nayo: "Yule mtoto ni mpole. Hakufanana na baba yake hata kidogo."

Nilimwomba maji ya kunywa ili apate kugeuka.

Zahoro alipopiga honi alinisindikiza hadi barabarani, pole pole, ameshika mkono wangu kwa sababu ya mawe. Akaniambia, "Ukimwona Avit mwambie simkasirikii. Aje tu anichukue." Nikamwambia nitamfikishia.

Nikapanda gari. Zahoro alinitazama mara moja, kisha akafungua redio kwa sauti kubwa hadi Muleba. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa, sikujitayarisha kupendwa kwa jina la mtu mwingine. Sijui kama naweza kuja tena. Niambie ukweli, yeye alikuwaje baada ya mimi kuondoka? Na vyungu je?

Avit


Bakoba, 22 Septemba 2024

Avit,

Wote wazima hapa, namsalimu Evelyne na watoto.

Vyungu ulivyoniwezesha siku ile vilikauka. Mwalimu alinikalia Mama kwa zamu, na Mzee Uledi alipita tena mara mbili akijifanya anaulizia oda, nami namwachia ajifanye. Jana nimewasha moto, wa kwanza tangu masika. Mastura ameanua nguo zake akilalamika kama zamani. Viwili vimepasuka, vingine vimetoka vyekundu, vizima, vinalia ukivigonga. Kazi haijaisha, mgongo unaniuma na usiku nalala kama gogo, lakini leo asubuhi nimenawa mikono nikaona tope chini ya kucha, nikafurahi.

Umeniuliza Mama alikuwaje baada ya wewe kuondoka. Nilitaka nisikwambie, lakini tumefichana vya kutosha. Begi la bluu limerudi uvunguni, amelirudisha mwenyewe. Kizingitini bado anakaa jioni, amejitanda khanga yake nzuri. Tangu Alhamisi ile hajamuulizia Avit hata mara moja. Anauliza yule mgeni wa Nshamba atarudi lini.

Nimemwambia Alhamisi.

Annastella